Maua ya Upenuni

Kwetu Mtambwe, maua ya mvua hayakuwa na mpanzi. Yaliota upenuni, pale maji ya paa la makuti yalipodondokea, ya waridi upande wa baraza na meupe upande wa jiko. Kiangazi yalibaki majani machache membamba, na bibi akifagia uwanja kwa fagio la chelewa aliyapitia juu kwa juu. Ikishuka mvua ya vuli, siku chache tu mstari mzima umesimama, kila kikonyo na ua lake moja. Siku ya pili au ya tatu yameshanyauka. Nilikua nikidhani ni ya Pemba tangu asili, kumbe yalitoka Amerika, kama mikarafuu yetu ilivyotoka Maluku.

Kuti ndilo lililokuwa likiyalea. Maji yake hushuka taratibu, na chembe za makuti yaliyooza zikishuka nayo huwa mbolea. Bei ya karafuu ilipopanda mwaka 2011, nasi tukaezua, tukaezeka bati. Aliyelala chini ya kuti linalovuja anaijua furaha ile. Lakini masika yalipoingia, bati liliyamwaga maji kwa kishindo, upenu ukachimbika mfereji, vitunguu vya maua vikatoka nje vyeupe, kuku wakavichakura. Baadaye ikamwagwa saruji kuzunguka nyumba ili msingi usiliwe.

Mama aliviokota. Alitoboa ndoo tupu za rangi, akatia mchanga na samadi ya ng'ombe, akavizika mpaka shingoni. Hapo ndipo utunzaji ulipoanza. Vitunguu huzaana vikasongamana hata ndoo ikatuna. Tunavimwaga, tunavitenga, jirani anapata fungu lake. Mbuzi hawasogezwi karibu, na watoto huambiwa mapema, "Hivi haviliwi, mwanangu, vina sumu."

Kiangazi mama hamwagilii. Mdogo wangu aliwahi kuyapa maji ya bomba kila jioni: majani yakastawi, ua halikuchomoza hata moja. Kwa hiyo ndoo zimewekwa katikati ya uwanja, mvua izifikie yenyewe, na vuli ikisuasua mama huzichungulia kila alfajiri.

Dada yangu wa Chake Chake, ambaye uwanja wake wote ni matofali ya saruji, alichukua ndoo yake. Mwezi wa kumi na moja akapiga simu: "Mama, yametoka, lakini yote meupe." Mama akampa dereva wa gari ya asubuhi mfuko wa vitunguu vya waridi.