Picha Yangu ya Mlima Kenya Ilidanganya

Mnaikumbuka ile picha. Mimi niko juu ya Point Lenana, mikono hewani, jua la asubuhi limenipiga usoni, na nyuma yangu Nelion na Batian zimegeuka rangi ya chungwa. Chini nikaandika: "Wikendi moja tu, wasee. Kama mimi nimeweza, wewe unangoja nini?"

Kati ya posti zangu zote, hakuna iliyowahi kupendwa kama hiyo. Na ilikuwa ya uongo.

Picha yenyewe ilikuwa sawa. Sikuongeza mawingu wala sikuchezea rangi ya anga. Uongo ulikuwa kwenye yale maneno "wikendi moja". Mimi nilitumia siku tano. Lakini siku tano haziuzi. Siku tano ni lazima uombe ruhusa kazini, utafute pesa zaidi, umweleze mama. Wikendi ni kitu mtu anaweza kuamua Alhamisi jioni akiwa kwenye matatu.

Na kuna kijana wa mtaa wetu aliyeamua hivyo hasa.

Wacha nianze na njia, ndiyo mnielewe. Tulipitia Sirimon, upande wa Nanyuki. Siku ya kwanza unalala Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili unatembea kilomita kama kumi na nne hivi, unavuka vijito viwili vitatu, halafu unapanda kilima na ghafla Bonde la Mackinder linafunguka mbele yako. Hapo nilisimama bila kuongea. Bonde ni refu, limechimbwa na barafu ya zamani, mto Likii unapita chini, na mwisho kabisa ndio vile vilele. Kushoto, Terere na Sendeyo. Kila mahali kuna miseneseo, ile miti mizito kama kabichi zilizopandishwa kwenye nguzo. Majani yaliyokufa hayadondoki. Yananing'inia kwenye shina na kulifunika kama koti, kwa sababu usiku baridi huko inagandisha maji. Lobelia nazo jioni hukunja majani kama mtu anayefunga hudi.

Kwa mtu wa kamera, hilo bonde ni karamu. Niliinama chini nikaweka seneseo karibu na lenzi, Batian kwa mbali, mto ukikata katikati. Kila hatua kumi nilisimama tena. Kiongozi wetu, mzee mmoja mpole wa huko Nanyuki, aliningoja bila kulalamika. Baadaye nikagundua alifurahia hivyo, maana kamera ilikuwa inanilazimisha kutembea polepole.

Tulifika Shipton's, mita 4,200, jioni. Pimbi walikuwa wanazunguka wakitafuta makombo. Mimi sikuweza kula hata kipande cha mkate. Kichwa kilikuwa kinagonga kama spika ya matatu ya Rongai. Nikamwambia mzee niko fiti, nataka kupanda usiku huohuo nipate mapambazuko.

Akaniangalia. "Kijana wangu, hebu tembea hapa kwa mstari. Kisigino kiguse vidole."

Nikatembea, nikaweza. Akasema, "Vizuri. Lakini kesho hatupandi. Kesho unakunywa maji, tunatembea juu kidogo, tunarudi kulala hapahapa."

Nilikasirika. Anga ilikuwa safi, na nani alijua kama kesho kutwa ingekuwa hivyo? Lakini yeye ndiye mwenye mlima. Siku iliyofuata kichwa kilitulia. Nililala na betri za kamera ndani ya soksi, kwa sababu baridi huzimaliza haraka, na saa tisa usiku tukaanza kupanda kwa tochi za kichwani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikapata ile picha, mita 4,985. Nje ya fremu, hatua mbili kutoka kwangu, mwenzangu alikuwa ameketi kichwa kati ya magoti. Na zile mita zote kutoka chini, chakula na mtungi wa gesi vilibebwa na wapagazi ambao hawako kwenye picha yangu hata moja.

Sasa yule kijana wa mtaa. Yeye na marafiki watatu walisoma "wikendi moja". Ijumaa wakalala Old Moses, Jumamosi wakakimbia hadi Shipton's, wakipanga kupanda usiku huo. Saa nne usiku alianza kutapika. Walipomsimamisha aende msalani akawa anayumba kama mlevi, na alikuwa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Kiongozi wao hakungoja asubuhi. Alimteremsha gizani, mtu mmoja kila upande, bonde lote lile nililopiga picha nikitabasamu. Kadiri walivyoshuka ndivyo alivyorudi kuwa yeye.

Jumanne mama yake alibisha kwetu. Hakupiga kelele. Alinionyesha simu, ile posti yangu, akauliza, "Ni wewe ulimwambia mwanangu hii ni wikendi?"

Nilitafuta la kusema. Ningeweza kusema yeye ni mtu mzima. Ningeweza kusema sikumlazimisha. Yote ni kweli. Lakini nilichomwambia ni, "Ndiyo, mama. Ni mimi."

Kwa hivyo leo nasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike. Sisi tunaotengeneza kontenti tumezoea kukata sehemu ngumu. Tunakata uchovu, tunakata gharama, tunakata watu waliotubeba. Kwa picha ya chakula hotelini, sawa, hakuna anayeumia. Kwa mlima, ile sehemu uliyokata ndiyo ilikuwa inamlinda mtu.

Ukweli ndio huu. Ukipita mita 3,000, inashauriwa usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Ndiyo maana unahitaji siku ya ziada. Ukiumwa kichwa na hutaki chakula, usipande zaidi. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umeketi tu, shuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ufiti wako wa gym hauna neno hapo. Mwili unahitaji muda, na muda haupakuliwi.

Ile posti sijaifuta. Nimebadilisha maneno: "Siku tano. Siku moja nilikuwa mgonjwa. Niliongozwa na kubebewa." Halafu nikaongeza picha ya pili, ile iliyotoka na ukungu, mwenzangu akiwa ameinamisha kichwa. Nilimwomba ruhusa kwanza. Imepata laiki chache sana.

Yule kijana anataka kurudi Desemba. Mama yake amekubali kwa sharti moja: mimi niende naye, na tarehe ya kurudi aandike yeye mwenyewe. Ameandika siku sita.