Ngomeni: Safari ya Kilo 140

Msomaji, ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, pita Mambrui, kisha Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ukate kulia hadi Ngomeni, Magarini. Ukisimama ufuoni, utayaona majukwaa ya chuma baharini.

Fundi wa gari la mashindano hung'oa viti na mazulia kabla ya kuchagua injini. Ndivyo ilivyokuwa hapa, Waitaliano walipoanza kurusha roketi za Scout za Kimarekani mwaka 1967. Roketi ilikuwa na injini nne, moja juu ya nyingine. Iliyomaliza kazi iliachwa njiani isiwe mzigo kwa inayofuata. Zilitumia fueli ngumu: hazikuhitaji pampu, lakini ukishawasha, huzimi!

Tena hapa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, bure.

Hata hivyo, Desemba 12, 1970, roketi ya zaidi ya tani 15 ilibeba setilaiti ya kilo 140 tu. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu, nayo ikachora ramani ya eksirei za angani.

Roketi ya mwisho iliondoka Machi 1988. Wapeleke watoto wakaone kilo moja ina thamani gani.