Ukiuza Gari, Usiuze na Ulimi



Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mimi nimekaa miaka mingi Sharjah nikikagua na kukadiria bei za magari yaliyotumika, na nimeona kibaya kilichopakwa rangi kikijiuza kama kizuri. Nisikilize, kisha unihukumu.

Siku moja tajiri mmoja aliniletea Ferrari F355 jekundu nilikadirie. Magari hayo yaliundwa Maranello, Italia, tangu 1994 hadi 1999. Bei yake haijulikani kwa kutazama rangi. Kwanza hutazamwa nambari ya chesisi na ya injini, kama ndizo zilizotoka nalo kiwandani. Kisha kitabu cha sevisi na risiti zake, kwani gari bila ya karatasi ni kama mdai asiye na shahidi. Tatu ni gia: za mkono zina wapenzi zaidi siku hizi, na bei yake huzipita zile za kubonyeza nyuma ya usukani, zilizoanza 1997. Nne ni kilomita. Na hapo usiiamini mita peke yake, bali ilinganishe na uchakavu wa kiti, pedali na usukani.

Kubwa kuliko yote ni mkanda wa taimingi. Mpira huo huchakaa kwa umri kama unavyochakaa kwa safari, hata gari lililolala bandani laweza kuwa na hatari kuliko linalotembea. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na F355 ina valvu 40. Mafundi huubadilisha kila miaka mitatu hadi mitano, na ili kuufikia hawana budi kuishusha injini nzima. Mnunuzi mwenye akili huipunguza gharama hiyo katika bei.

Basi katika gari lile, risiti ya mwisho ya mkanda ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Nilipomwonyesha tajiri, alinijibu: "Hilo usilitaje. Asipouliza, hukusema uwongo."

Mnunuzi akaja, kijana wa Maskati ambaye wazee wake walitoka Unguja. Akaniamkia, "Shikamoo, ami," kisha akaniuliza, "Ami, wewe ndiwe unayejua. Gari zima hili?"

Nikamjibu, "Sikiliza injini inavyolia vizuri."

Na kweli ililia vizuri. Nikapokea ujira wangu.

Mwezi wa pili mkanda ukakatika. Kijana alinipigia simu, wala hakunitukana. Alisema tu: "Ami, nilikuuliza wewe kwa kuwa unasema Kiswahili cha nyumbani."

Ujira nilimrudishia, nikaongeza na nilichokuwa nacho, na vyote havikufika hata robo ya hasara yake. Tangu siku hiyo naandika aibu za gari kwanza, bei baadaye, na asiyependa hutafuta mkadiriaji mwingine.

Sote tumesomeshwa chuoni habari ya Mtume wetu (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa. Rundo langu mimi lilikuwa jekundu, lenye nembo ya farasi.

Wewe, ndugu msomaji, huenda huna Ferrari. Lakini unayo cherahani, baiskeli au mashua, na iko siku utaiuza. Mnunuzi atakapokuuliza, usimsikilizishe mlio. Mwonyeshe mkanda.