Safari ya Hasamba Hadi Wilson

Mwezi wa Julai kwetu Hasamba, wilayani Mbozi, ni mwezi wa baridi na kahawa. Asubuhi ukungu hulala juu ya mibuni, na kabla sijavaa sare ya kazi nimekwisha kuchuma kikapu kimoja. Ndege hatuzioni nyingi. Uwanja ulio karibu nasi ni ule wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012. Una jina la mkoa wetu uliozaliwa mwaka 2016, lakini wenyewe uko upande wa Mbeya, na wageni huchanganyikiwa sana hapo.

Katika mibuni hiyo amekulia binti yangu wa pili, ambaye kwa miaka sita alikuwa rubani wa kompyuta. Alikuwa na programu ya kuigiza urubani, na kila jioni alitua Songwe, Dodoma, hata London. Umeme ulipokatika, ndege na abiria wake wote walitoweka. Mama mwenzangu, nakiri kwamba sikupendezwa. Kuna siku niliuficha waya wa kompyuta ndani ya pipa la mahindi, akautafuta juma zima huku nikimtazama tu.

Baba yao ndiye aliyeuza miti yake ya mbao ili mtoto akasome urubani Nairobi. Nilimwambia, "Baba, tunanunua mchezo kwa bei ya nyumba." Hakunijibu. Miezi kadhaa baadaye binti alipiga simu analia, akasema hawezi, anataka kurudi. Niliomba likizo, nikapanda basi Vwawa hadi Dar es Salaam, kisha lingine la Nairobi kupitia Namanga. Miguu ilivimba kama ya mama mjamzito.

Uwanja wa Wilson umepewa jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha shirika la ndege mjini humo mwaka 1929. Ndipo pia walipo madaktari wa AMREF wanaoruka kwa ndege. Sisi wauguzi tunamkumbuka Dokta Anne Spoerry, aliyejifunza urubani akiwa amepita miaka 40 na kufika kwa wagonjwa wa mbali akiendesha ndege mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 1999. Umri wangu huo! Nilisimama kwenye uzio nikaona haya kidogo kwa ule waya.

Jioni binti alinieleza shida yake. Kwenye kompyuta alizoea kutazama saa na mishale tu. Mwalimu wake alizifunika saa hizo kwa karatasi na kumwambia atazame nje, aone mstari wa upeo wa macho, asikilize injini. Tena, chini ardhini ndege ndogo haigeuzwi kwa usukani wa mikononi. Hugeuzwa kwa miguu, kwa kukanyaga pedali. Yeye mikono ilikuwa inakimbilia usukani, na ndege ikayumba kama mlevi. Na upepo je? Kompyuta haikuwahi kumsukuma kiti wala kumtia kichefuchefu. Halafu Wilson iko mita 1,690 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kanuni za kimataifa hudai kwa kawaida saa 40 za kuruka kwa leseni ya kwanza ya rubani binafsi, na katika zile jioni zake za miaka sita hapakuhesabiwa hata saa moja.

"Kwa hiyo nilipoteza muda, mama?"

Nikamsimulia habari ya chungwa. Chuoni tulijifunza kuchoma sindano kwenye machungwa, nami nilikuwa hodari. Siku nilipopewa mgonjwa wa kwanza, mzee mmoja mwembamba, nilitetemeka hata yeye ndiye akanipa pole. Chungwa halikunyimi ujuzi, nikamwambia, ila halishtuki. Dawa, kipimo na hatua nilivijua tayari. Mkono ndio uliokuwa haujui. Naye akakubali kwamba mazungumzo ya redioni na hatua za ukaguzi alikuwa amewazidi wenzake wote.

Siku ya nne nikiwa huko, ndege yao ilitua, ikasimama pembeni. Mlango ukafunguliwa, mwalimu akashuka peke yake, akaufunga, akaanza kutembea kuja kwetu bila kugeuka. Nilimwuliza kulikoni. Akasema, "Mama, sasa anaruka mwenyewe."

Sijui niliomba sala gani. Ndege iliinuka upesi kuliko mara zote, nami nikadhani kuna hitilafu. Mwalimu akasema ni kwa sababu uzito wake yeye haumo. Ikazunguka uwanja mara moja. Iliporudi iligusa chini, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikatulia.

Wenzake wakamwagia ndoo ya maji, ndiyo desturi yao. Baridi ya Nairobi mwezi wa Julai unaijua. Nikamfunga khanga yangu, naye huku akitetemeka akaniambia kwamba juu kule alinyoosha mkono kumgusa mwalimu, akakuta kiti kitupu.

Kisha tukampigia simu baba yake, aliyekuwa shambani Hasamba.

"Imetua?" akauliza.

"Imetua."

Akasema ngoja aweke chini kikapu cha kahawa kwanza.