Siku tatu za baiskeli Usambara, na mume aliyekuwa anangoja juu

Dar siku hizi watu wa baiskeli wamekuwa wengi. Jumamosi alfajiri, kabla magari hayajajaa, unawaona wamejipanga barabarani na kofia zao, taa nyekundu zinawakawaka nyuma, wanaelekea Bagamoyo. Jamaa mmoja wa Tegeta, miaka 47, kazi yake mambo ya forodha bandarini, ni mmoja wao. Mkewe ana miaka 43, anashona na kuuza vitenge Kariakoo. Kwa miaka sita kazi yake Jumamosi ilikuwa kusikia geti likifunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa tena saa tano, mume anaingia amelowa jasho, ana furaha, ana njaa.

Mwaka jana mtoto wa mwisho alikwenda bweni. Nyumba ikawa kimya. Siku moja mke akasema, "Na mimi nifundishe."

Jamaa alifurahi kweli, tusimnyime haki yake. Akamtafutia baiskeli ya aina ile wanayoiita graveli: usukani umepinda kwa chini kama wa baiskeli za mashindano, lakini tairi ni nene, milimita 45, kwa ajili ya vumbi na kokoto. Ikitokea barabara ya lami inakwenda, ikitokea njia ya ng'ombe inakwenda pia. Mama wa watu akajifunza. Alianguka mara mbili Mbweni, akachubuka goti, akaendelea. Baada ya miezi minane mume akaja na wazo: Julai twende Usambara, Mombo hadi Mtae, siku tatu.

Ambacho jamaa hakukijua ni kwamba wiki moja kabla ya safari mkewe alimpigia kaka yake aliyeko Moshi. Akamwambia, "Kaka, nikishatoka huko milimani nitakuja nyumbani. Sijui nitakaa muda gani." Kaka mtu hakuuliza. Watu wazima wakisikia sentensi kama hiyo huwa hawaulizi kwenye simu.

Sasa kwa wasioijua njia yenyewe. Mombo ipo chini, kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, joto, nazi na machungwa yamepangwa kando. Ukikata kulia unaanza kupanda kwenda Soni, kisha Lushoto, kilomita 33 hivi, yote lami. Mpaka unafika Lushoto umepanda karibu mita 1,000. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, huku ukuta wa jiwe, huku korongo na mto unasikika chini. Hatari ya kipande hiki ni mabasi na Fuso za mboga zinazoshuka kwenda Dar. Kwenye kona wanapiga honi, na ukisikia honi unakaa pembeni, hakuna ubishi. Soni kuna maporomoko ya maji, watu husimama hapo kupiga picha, na kiukweli mguu nao unakuwa unatafuta sababu.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo mtindo ulipoonekana. Mume ana mapafu ya miaka sita. Anapanda, anapotea kwenye kona, anamngoja mkewe juu kwenye kivuli. Anakunywa maji, anakula ndizi, anapiga picha bonde. Dakika kumi na tano baadaye mke anatokea, uso mwekundu, pumzi juu juu. Mume anasimama, anavaa kofia, anasema kwa upendo kabisa, "Umejitahidi! Haya, twende."

Umeona hapo? Anayengoja juu ndiye anayepumzika. Anayefika wa mwisho hapumziki hata kidogo, maana akifika tu safari inaanza tena. Mwenye nguvu anapata mapumziko mara kumi kwa siku, mwenye kuhitaji mapumziko anapata sifuri. Na yule wa mbele moyoni mwake anaamini yeye ndiye mvumilivu, si amengoja? Wanaume wa klabu za baiskeli hapa wataguna, ila waguna tu, ndivyo ilivyo.

Siku ya pili ndiyo Usambara yenyewe. Kutoka Lushoto unapanda hadi Magamba, na lami ikishaisha unabaki na udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi na kokoto, masika ni sabuni, usijaribu. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, miti mirefu imevaa kuvu na ndevu za kijani, ukungu wa asubuhi unakaa katikati ya matawi mpaka saa nne. Ukitaka kuingia njia za ndani unalipa kiingilio na unapewa mwongozaji. Ukibaki barabarani nako unapata mengi, mbega wapo, weusi wenye mabega meupe, wanaruka mti hadi mti kama nguo zilizoanuliwa na upepo. Baridi ya Julai huko si ya mchezo. Watu wa Dar wanakwenda na fulana, wanaishia kununua sweta la mtumba sokoni.

Ukitoka msituni unaingia kwenye mashamba. Kila ubavu wa mlima umelimwa matuta, kabichi, karoti, viazi, hoho. Kuanzia Lukozi kwenda Rangwi barabara inashuka mpaka kwenye kijito, inapanda, inashuka tena. Kilomita ni chache ukiziangalia kwenye ramani. Kwenye miguu ni habari nyingine.

Na mteremko nao una adabu zake. Wahenga walishasema kuupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kokoto zinateleza chini ya tairi, ukibana breki ya mbele ghafla umekwenda. Hata mabingwa haiwasamehi: Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, mtu aliyeishi kwa baiskeli, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya graveli huko Vermont, Marekani. Kwa hiyo mke alikuwa anashuka taratibu, vidole vimekufa ganzi kwenye breki. Alikuwa sahihi. Mume alikuwa anashuka kama ana deni.

Kwenye mteremko mmoja baada ya Lukozi mke akapata pancha. Akasimama, akaangalia. Pampu, tyubu ya akiba, viraka, vyote vilikuwa kwenye begi la mume. Na mume alikuwa juu ya kilima kinachofuata, anangoja.

Kijana mmoja akapita anasukuma baiskeli ya kichina imebeba magunia mawili ya karoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Yule baba niliyepishana naye kule, mmekuja pamoja?"

"Ni mume wangu."

Kijana akafikiri kidogo. "Sasa mbona anakukimbia?"

Mama wa watu akacheka mpaka akakaa chini. Kijana akataka kumsaidia kuisukuma baiskeli hadi juu, akakataa. Simu ilikuwa na mtandao, hakupiga. "Mwache aje," akasema. Kijana akamwachia karoti nne, akazisuuza kwenye maji ya mfereji, akaendelea na safari yake.

Mume alikuja baada ya dakika arobaini. Maana yake alishuka kilima chote alichokipanda, na atakipanda tena. Alikuja na hofu, na alipomkuta mkewe amekaa kwenye jani anatafuna karoti hofu ikageuka hasira, kama kawaida ya hofu ya wanaume.

"Kwa nini hukupiga simu?"

Mke akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Baba Fulani, kama anavyofanya akiwa hana utani. "Ziba pancha kwanza."

Akainama kuziba pancha. Na mke akaongea wakati mikono ya mume ina kazi. Alianza na jana, na kile kivuli cha Soni, na "haya, twende." Kisha akarudi nyuma zaidi. Kwamba mwaka ule mume aliposomea shahada ya pili, yeye aliacha chuo cha ualimu muhula mmoja ili kulea, muhula ukawa miaka kumi na tisa. Kwamba kiwanja, nyumba, gari, kila walipofika mume alikuwa ameshafika zamani na ameshapanga kilima kingine. "Hujanikataza kitu, na sijasema wewe mtu mbaya. Ila mimi tangu nimeolewa sijawahi kufika mahali nikaambiwa kaa." Halafu akamwambia habari ya kaka na Moshi.

Mume alikuwa ameshamaliza kubandika kiraka. Akaendelea kukibonyeza na kidole gumba, muda mrefu kuliko kiraka chochote kinavyohitaji.

Hakujibu pale. Walifika Rangwi giza linaingia, wakalala kwa masista, wakala wali na maharage bila maneno mengi. Asubuhi mume akatoa pampu na tyubu moja kwenye begi lake akaziweka kwenye la mkewe. Akasema, "Leo tangulia."

Kukaa nyuma si rahisi kwa mtu aliyezoea mbele. Vilima viwili vya kwanza tairi lake lilikuwa linagusa la mkewe, akafokewa. Baadaye akatulia. Akagundua mkewe anamsalimia kila mtu njiani, wazee, wanafunzi, kina mama wenye kuni kichwani, na wote wanaitikia. Yeye katika miaka sita ya baiskeli hakuwahi kusalimia mtu. Mke alisimama alipotaka. Mara moja alisimama robo saa nzima bila sababu, anaangalia tu bonde, na mume akasimama nyuma yake bila kuuliza tunaondoka lini. Ilimuuma, ilionekana.

Mtae ipo kwenye mgongo wa mlima, chini yake ardhi inaporomoka hadi tambarare za Mkomazi. Anga likiwa safi, upande wa Mambo pale jirani unaweza kuiona hata Kilimanjaro. Siku ile kulikuwa na ukungu. Jioni kaka mtu akapiga. Mume akasema, "Nipe niongee na shemeji." Mke akamwangalia, akasema, "Bado," akatoka nje na simu. Alikaa huko nusu saa. Alipoingia alisema tu kwamba kaka anamsalimia.

Basi la Mtae linaondoka kabla hakujapambazuka. Baiskeli zilipandishwa kwenye keria juu ya kabichi, konda akazitoza nauli kama magunia. Mke alikaa dirishani, akalala kabla hawajatoka kijijini. Lushoto konda akagonga bati, mwisho wa gari. Mume akamwambia ashushe mizigo yote kwanza, baiskeli, mabegi na mizigo ya abiria wengine, asiwe na haraka na ile siti ya dirishani.