Magonjwa Mawili, Mwili Mmoja

Kwetu Ikinga, wilayani Ileje, mtu huumwa ugonjwa mmoja. Baba alipopatikana na saratani ya damu, kila kilichofuata kiliingizwa humo: kukonda, uchovu, jasho la usiku. Hata kikohozi kilipoanza, nacho kikawa cha damu.

Zahanati ilishuku kifua kikuu, maana alikuwa amekohoa zaidi ya wiki mbili. Makohozi yalipimwa, vijidudu havikuonekana. Eksirei ikaonyesha kivuli kwenye pafu la kulia. Nyumbani wakasema, "Imepanda kifuani."

Daktari aliyempokea Mbeya hakukubali haraka. Alitueleza kwamba saratani ya damu aliyonayo Baba, ile inayokua taratibu kwenye chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, hudhoofisha kinga ya mwili, na wenye nayo hupata saratani nyingine, ya mapafu ikiwemo, kuliko watu wengine. Kivuli kingeweza kuwa saratani ileile iliyojikusanya pafuni, au maambukizi, au saratani mpya kabisa. Picha peke yake haisemi. Lazima kinyama kichukuliwe, kitazamwe kwa hadubini.

Kilichukuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi kutoka Mbeya. Majibu: saratani ya mapafu, isiyo na undugu na ile ya damu.

Kwenye simu baba mdogo akasema mtu harogwi mara mbili kwa mpigo. Baba yeye alimgeukia daktari.

"Ipi ina haraka?"

"Ya pafu, Mzee. Ya damu tutaendelea kuipima. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi bila dawa."

Pesa ya kahawa ya msimu ule ilikuwa moja, na magonjwa ni mawili. Jibu lile ndilo lililotuonyesha pa kuipeleka. Baba alipata mionzi Ocean Road, akarudi Ikinga, akapalilia mahindi yake msimu mmoja zaidi.

Alipofariki, msibani walisema ni damu. Kila aliyeniuliza nilimjibu: pafu. Wazee wengine waliona nabishana na maiti. Lakini pale kijijini wapo wengine wenye ugonjwa unaojulikana tayari, na siku wakianza kukohoa, sitaki mtu awaambie ni uleule.