Mlango wa mama: rangi laini haitoki kwenye kopo

Wasikilizaji wangu, mmezoea kunisikia nikiongea juu ya barabara, bei za soko na usalama. Leo mnivumilie, nataka kuongea juu ya mlango. Juma lililopita nilisema kidogo hewani kwamba ninapaka rangi nyumbani, na tangu hapo simu hazijaisha. Wengi ni familia zilizorudi Sake na hapa Mubambiro. Swali lao ni moja: "Kwa nini rangi yangu ya mafuta inakauka na vipele na mikunjo?" Na mimi swali hilo lilinisumbua.

Nyumba yetu ni ya mbao, juu ya mawe ya volkano, kama nyumba nyingi za hapa. Tulikimbia mwezi wa pili 2024, vita vilipokaribia Sake, tukaishi mwaka mzima chini ya bashi Bulengo. Makambi yalipovunjwa mwanzo wa 2025 tukarudi. Kuta zilikuwa zimesimama, lakini milango miwili ya ndani haikuwapo. Sikuuliza sana: watu wakikosa makala, mlango ni kuni. Ulibaki mmoja tu, wa chumba cha mama. Ulikuwa na matundu mawili ya risasi, na rangi yake ya zamani ya buluu ilikuwa imepasuka kama matope yaliyokaushwa na jua.

Mama akasema: "Mwanangu, huo usiutupe. Uupake rangi."

Mara ya kwanza nilifanya haraka. Nilinunua kopo dogo la rangi ya mafuta Birere, nikakwangua mlango kwa kisu, nikapaka mikono miwili mizito mchana mmoja. Mlango ulikuwa umesimama mahali pake, mbabula inawaka karibu, pikipiki zinapita nje. Asubuhi rangi ilikuwa na mikunjo kama ngozi ya maziwa, majivu na vumbi jeusi vimeshikamana nayo, na matone yameteremka hadi chini. Mama alitundika kitenge chake hapo kama alivyozoea. Alipokivuta, kilitoka na rangi.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa jirani, seremala tangu ujana wake, nikamwambia: "Papa fundi, rangi waliyoniuzia ni mbovu." Alikuja, akapitisha mkono, akacheka. "Rangi haina kosa. Wewe, mwandishi, umetangaza habari kabla ya kuihakiki."

Alinieleza hivi. Rangi ya maji hukauka maji yakitoka. Rangi ya mafuta hukauka kwa kushikana na hewa, na inaanzia juu. Ukipaka nzito, juu inafunga ngozi huku chini bado ni mbichi, ndiyo maana inakunjamana. Hapa kwetu Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na jioni ni baridi na unyevu, kwa hiyo inachelewa zaidi. Tena rangi inayong'aa haifichi kitu. Kila shimo na kila punje ya mchanga utaiona mwanga ukiingia dirishani.

Tulianza upya. Kazi ilichukua siku sita, na siku nyingi kati ya hizo hatukugusa rangi zaidi ya saa moja.

Kwanza, tulifungua bawaba tukaulaza mlango juu ya meza mbili. Mlango uliolala hauteremshi matone. Tukauosha kwa maji na sabuni kuondoa mafuta ya mikono na moshi wa jikoni, tukaacha ukauke kabisa.

Pili, karatasi ya msasa: namba 80 kwa rangi iliyopasuka, kisha 120, daima kufuata mshipa wa mbao. Hapa nawaomba wazazi wasikie vizuri. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Sisemi risasi za bunduki, ingawa mlango wetu huenda umezijua zote mbili. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo usikwangue kavu. Lowesha, funga pua na kinywa, peleka watoto mbali, kisha okota uchafu wote kwa kitambaa chenye maji. Usiufagie na usiuchome.

Tatu, matundu. Tulichanganya unga laini wa mbao na kola ya mbao, tukajaza hadi ikatokeza kidogo, maana ikikauka inanywea. Kesho yake tukasawazisha. Mashimo madogo tuliyaziba kwa mastiki.

Nne, rangi ya chini, ile isiyong'aa. Inaziba matundu ya mbao ili rangi ya juu isinyweke mahali pamoja na kubaki mahali pengine. Siku iliyofuata, msasa namba 240 kidogo tu, na kitambaa.

Tano, rangi yenyewe. Tulichuja rangi kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Tulinyunyizia maji sakafuni ili vumbi lilale, tukazima mbabula, tukafungua dirisha. Chovya brashi theluthi moja tu. Tandaza rangi, kisha malizia kwa ncha ya brashi, kwa wepesi, upande mmoja. Ukiona umeacha kasoro na rangi imeanza kushika, iache. Mimi nilirudi mahali pamoja kuisahihisha, nikaacha michirizi iliyonidai msasa wa siku ya pili. Mikono miwili myembamba, kati yake saa 24 na msasa 240 tena. Anza asubuhi umande ukishakauka, wala usipake jioni.

Matambara yenye mafuta usiyakunje kwenye kona. Yanaweza kupata moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Siku ya tano mchana, mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, tulisikia mlio upande wa milima. Jirani akasimama barabarani akaniambia: "Wewe unalainisha mlango, na kesho tukikimbia?" Sikuwa na jibu. Mwaka mzima kambini sikumaliza kitu chochote vizuri: nilifunga bashi kwa fundo la haraka, nilipika kwa haraka, hata kuandika niliandika nikiwa tayari kusimama. Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye bidoni kando ya mlango, akifukuza nzi kwa kanga. Akasema tu: "Usiuguse. Bado hauja­kauka." Tukabaki. Mlio haukurudi siku ile.

Sisemi amani imefika. Kazi yangu hainiruhusu kusema nisichokiona. Nasema mlango umerudi kwenye bawaba zake tangu juzi. Ni wa kijani, ukiutazama kwa upande unaona dirisha ndani yake. Pale palipokuwa na matundu, ukipitisha kiganja husikii kitu. Papa fundi alipitisha chake mara mbili, hakusema neno, akaomba chai.

Mama alingoja siku tatu nyingine ndipo akatundika kitenge. Jana usiku alikivuta, kikatoka kisafi.

Nimebaki na karatasi mbili za msasa namba 240 na brashi moja. Jirani anayehitaji apite achukue, mradi airudishe brashi ikiwa imeoshwa.